Kanisa linajaa, nami nalala macho

BARUA

Mshauri, Bwana asifiwe.

Mimi ni mama wa miaka 49, nauza leso na vitambaa sokoni Malindi, na ni mhazini wa kanisa letu huku upande wa Muyeye. Jina la kanisa naomba lisitajwe. Lilianza uani kwa marehemu mama mkwe wangu, chini ya mkwaju, tukiwa majirani na watoto tu. Baadaye yeye mwenyewe alitukatia kiwanja. Hakina hatimiliki hadi leo. Tuna karatasi ya makubaliano iliyosainiwa mbele ya mzee wa mtaa.

Mchungaji wetu ni mtoto wa kaka yangu. Nimemlea tangu darasa la sita, nikamsaidia ada ya chuo cha Biblia. Kanisani namwita Pasta, nyumbani ananiita shangazi. Alipokabidhiwa kazi tulikuwa watu kama sitini. Siku hizi Jumapili nzuri tunapita mia mbili, viti tunaazima kwa jirani Mwislamu mwenye biashara ya kukodisha vya harusi. Sikatai, kijana ana kipawa. Akisimama kuhubiri hata mimi husahau kwamba niliwahi kumfulia sare za shule.

Shida ilianza alipoalikwa na huduma moja kubwa kutoka Nairobi. Alirudi na mambo mapya. Kwanza, vikundi vya nyumbani vifungwe, kwa sababu vinazaa manung'uniko na watu wanazoea kusikiliza sauti nyingi. Vilikuwa vinakutana Jumanne na Alhamisi jioni, na ndiko wengi wetu tulikojifunza kuomba kwa sauti. Pili, sadaka sasa zinatumwa kwenye simu yake, eti ile namba ya Lipa na M-Pesa ya kanisa inakata pesa nyingi. Mimi mhazini naletewa jumla tu, nami naiandika kwenye daftari kama nilivyoambiwa.

Tatu ni mfungo. Kufunga si jambo geni kwetu, lakini safari hii alitangaza siku tatu bila chakula wala maji, na akasema anayeshindwa ana roho ya uvivu. Mshauri, hapa ni Malindi. Tangu yale ya msitu wa Shakahola mwaka 2023, waumini walipofunga hadi kufa, mtu akilitaja neno mfungo madhabahuni unaona mama wakitazamana. Kuna dada mmoja aliyekuwa anasali nasi ambaye ndugu zake walipotelea msitu ule. Siku hiyo aliinuka, akamshika mtoto wake mkono, akatoka. Hajarudi.

Simfananishi mwanangu na yale. Anakula, wanawe wanakula na wanakwenda shule, mke wake akiumwa humpeleka hospitali. Lakini moyo wangu hautulii.

Sasa huduma ile imeahidi kutupa hema, spika kubwa, jenereta, na pesa za kujenga ukumbi wa watu 500. Sharti ni kwamba kiwanja kiandikishwe kwa jina lao na kanisa libadilishe jina. Karatasi inataka sahihi tatu: mwenyekiti, katibu na mhazini. Wawili wamesaini. Imebaki yangu.

Kuna mama kadhaa na vijana wanaofanya kazi hotelini wamenijia usiku. Wanasema turudi chini ya mkwaju, tuanze upya, mimi niwe mlezi. Mume wangu anasema nisaini tu niishi kwa amani. Kaka yangu amenipigia simu kutoka Ganda akaniuliza, "Unamwonea wivu mtoto uliyemlea mwenyewe?" Neno hilo halijanitoka.

Labda kweli nazuia kazi ya Mungu. Kanisa lisilokua si limekufa? Nisaini, nikatae, au niondoke na hawa wanaonifuata?

Shangazi wa Mchungaji, Malindi

JIBU

Mama mpendwa,

Pole, na ahsante kwa kuandika kwa uwazi namna hii. Barua yako nimeisoma mara ya kwanza kama barua ya kanisa, nikaisoma mara ya pili kama barua ya familia, na nadhani hapo ndipo fundo lilipo. Unaulizwa sahihi ya mhazini, lakini mkono unaotetemeka ni wa shangazi. Anayekusukuma usaini ni mume na kaka, si mkutano wa washirika. Ukikataa, huwakatalii watu wa Nairobi peke yao. Unamkatalia kijana uliyemlea, mbele ya watu wanaomheshimu. Mzigo huo ni mkubwa, na sitajifanya kwamba aya moja ya Biblia itautua.

Nianze na hilo la wivu, maana naona limekuchoma kuliko mengine yote. Inawezekana upo kidogo. Mtu aliyezoea kuulizwa kila kitu, kisha siku moja akaletewa jumla tu aiandike, anaumia, na maumivu hayo hayaji yakiwa safi. Lakini hata kama wivu upo, swali la sadaka kupita kwenye simu ya mtu mmoja linabaki palepale. Kaka yako amekuuliza kuhusu moyo wako. Hajajibu kuhusu pesa. Usikubali swali la kwanza likufanye uliache la pili.

Sasa nikuulize nawe kidogo. Umesema kanisa lisilokua limekufa. Nani alisema? Huku Pwani tuna historia inayobisha. Mmisionari Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, mwenzake Rebmann akamfuata mwaka 1846, wakaanza kituo Rabai, karibu na Mombasa. Rebmann alikaa hadi mwaka 1875. Kwa miaka mingi waliobatizwa walihesabika kwa vidole, na mmoja wa wale wa mwanzo kabisa alikuwa Mringe, mtu mlemavu aliyebatizwa akiwa karibu kufa. Kwa hesabu ya watu wa mahema na spika, hiyo ni kazi iliyoshindwa. Kituo kilikuja kujaa baadaye, watumwa waliotoroka na waliokombolewa walipotafuta mahali pa kuishi, na waliowapokea na kuwafundisha hawakuwa Wazungu peke yao. Walikuwamo Waafrika waliolelewa India baada ya kuokolewa kwenye majahazi ya watumwa, kama William Jones. Kanisa lilikua pale walipopatikana watu wa kuwabeba waliokuja.

Lakini shilingi ina upande wa pili, na huu hutaufurahia. Udogo nao si afya. Mlikuwa sitini, mnajuana, mnajua nani amefiwa na nani ana deni. Ni vizuri. Ila nimeitafuta barua yako yote, na wale watu zaidi ya mia moja waliokuja baadaye hawana hata sentensi moja. Ni akina nani? Ni wafanyakazi waliotoka bara, ni Wagiriama waliohama kutoka Kakuyuni na Langobaya wakati wa ukame, ni mabinti wa saluni, ni madereva wa tuktuk? Wanaelewa Kiswahili cha mahubiri vizuri au wangefarijika kuombewa kwa Kigiriama? Ukiwaita "viti vya kuazima" tu, basi wewe na mwanao mmewahesabu kwa njia moja, yeye kwa furaha na wewe kwa hofu.

Nasema hivi kwa sababu yupo Mmarekani mmoja, Donald McGavran, mmisionari aliyezaliwa India, aliyetumia maisha yake kuchunguza kwa nini makanisa mengine hukua na mengine husimama. Aligundua kwamba watu huingia kanisani kwa urahisi wasipolazimishwa kuvuka ukuta wa lugha, kabila au hali ya maisha. Ni kweli, kila mtu wa Malindi ameona kanisa la Wajaluo, la Wakamba, la Wagiriama. Lakini wapo waliompinga, na mimi hoja yao naiona nzito: kanisa la Antiokia katika Matendo 13 lilikuwa na viongozi wa asili mbalimbali wakiomba pamoja. Kwenu swali hili liko wazi bado. Hao wapya wanakaa wapi, upande gani wa kanisa, na ni nani kati yao amewahi kupewa kazi yoyote zaidi ya kupanga viti?

Hapo ndipo vikundi vya nyumbani vinaporudi. Matendo 2:46 inasema waumini wa kwanza walidumu hekaluni na pia "wakimega mkate nyumba kwa nyumba". Na mji wenu una sababu yake ya ziada. Mhudumu wa hoteli Jumapili yuko kazini. Msimu wa watalii ukiwa juu hana mapumziko; mvua za Aprili zikianza anarudishwa nyumbani bila mshahara, na ndio wakati anaohitaji mtu wa kumgongea mlango. Ibada ya Jumapili peke yake haimfikii mtu huyu katika msimu wowote. Ukifunga kikundi cha Jumanne, umemfungia yeye kanisa zima. Sijui kama Pasta amelifikiria hili. Huenda huko alikokwenda kujifunza watu hupumzika Jumapili.

Hata hivyo mtendee haki. Alisema vikundi vinazaa manung'uniko. Nao waliokuja kwako usiku walikuja kufanya nini? Hofu yake imetimia sebuleni kwako, mama, ukiwa umewapikia chai. Mchungaji kijana anayesikia kwamba watu wanakutana gizani kwa shangazi yake ataongeza kufuli, hatapunguza. Yapo makanisa yanayoruhusu vikundi kwa mpango: viongozi wake wanafundishwa na mchungaji mwenyewe, wanapitia somo moja, na malalamiko yana mlango wake. Hilo angeweza kulikubali kuliko kuambiwa arudishe mambo ya zamani.

Kuhusu malalamiko, tafadhali fungua Matendo 6 uisome ukiwa umetulia. Wajane waliosema Kiyunani walikuwa wanasahaulika katika huduma ya kila siku. Watu wakanung'unika. Mitume hawakuwaambia wana roho mbaya. Waliliita kusanyiko, wakawaacha watu wachague saba wa kusimamia, na majina ya hao saba ni ya Kiyunani, yaani walitoka upande uliolalamika. Kisha mstari wa 7 unasema neno la Mungu likaenea na hesabu ya wanafunzi ikazidi sana. Ongezeko lilikuja baada ya manung'uniko kusikilizwa. Kama ningepata dakika tano na mwanao, ningemsomea sura hiyo tu na kunyamaza.

Tuje kwenye pesa. Kama kanisa lenu limesajiliwa na Msajili wa Vyama, sheria ya Kenya inataka mkutano mkuu wa wanachama angalau mara moja kwa mwaka, na hesabu zisomwe hapo. Kwa hiyo kuomba taarifa ya M-Pesa si uasi. Ni kazi uliyochaguliwa kuifanya, na kuandika jumla usiyoiona ilikotoka ni kuliweka jina lako mahali pabaya. Ila nami nikuulize: wewe hukaguliwa na nani? Mchungaji ni mtoto wa kaka yako, kiwanja kilitoka kwa mama mkwe wako, daftari liko kabatini kwako. Mgeni anayetazama kutoka nje ataona kanisa la ukoo hata kabla Nairobi haijaja. Ukienda kuomba uwazi kwake, nenda ukiwa tayari kupendekeza mtu mwingine, asiye ndugu, awe anahesabu pamoja nawe kila Jumapili. Na jingine ambalo mhazini ndiye anayelijua: kanisa linamlipa? Miezi ya Mei na Juni, sadaka inapokauka, nyumba yake inakula nini? Sitetei hiyo simu. Lakini mara nyingi njia za mkato huanzia hapo, kwenye posho isiyofika na aibu ya kuidai.

Kuhusu hema na ukumbi, si lazima uwaone watu wa Nairobi kama wezi. Huenda nia yao ni njema kabisa. Swali ni kitakachobaki. Henry Venn, katibu wa CMS, shirika la kimisionari la Waingereza lililowatuma Krapf na Rebmann, alisisitiza katika karne ya 19 kwamba kanisa linakomaa likiweza kujiendesha, kujitegemea na kujieneza lenyewe. Ukumbi wa watu 500 unahitaji mafuta ya jenereta, mlinzi, na mabati ya kubadilisha, maana chumvi ya bahari haina huruma. Nani atalipa msimu wa watalii ukiisha? Jirani Mwislamu anayewaazima viti ataonaje hizo spika usiku wa kesha? Na mkitofautiana na wenye jina kwenye hati, mtatoka na nini? Ukishuka pale mjini karibu na bahari utakuta kanisa dogo la Wareno lenye paa la makuti. Mtakatifu Fransisko Xavier alipita Malindi mwaka 1542 akielekea India. Wareno walipohamia Mombasa mwaka 1593, kuta zilibaki. Waumini wa wakati ule hawakubaki.

Kisha kuna jambo la kiwanja ambalo mume wako analipita haraka mno. Ardhi isiyo na hatimiliki, iliyotolewa na mtu ambaye sasa ni marehemu kwa karatasi ya kijiji, huenda kisheria bado ni sehemu ya mirathi yake. Kama ni hivyo, mume wako na ndugu zake wana neno, na sahihi za watu watatu wa kanisa huenda zisitoshe kuhamisha chochote. Ipelekeni karatasi kwa wakili na ofisi ya ardhi kabla hamjagombana zaidi. Inaweza kukupunguzia kubeba peke yako uamuzi ambao pengine si wako peke yako.

Njia zako naziona hivi. Ukisaini leo, unapata amani nyumbani kwa muda, na kanisa linapata vifaa. Hatari ni kwamba ukikosea hakuna kurudi, na utakuwa umesaini ukiwa na maswali. Ukikataa moja kwa moja, unakilinda kiwanja, lakini Pasta anaweza kuaibika mbele ya wageni wake na kuondoka na nusu ya watu, na kwenye ukoo itasemwa shangazi ndiye aliyemfukuza. Ukiondoka na wale wa usiku, utapata watu wanaokupenda na mkwaju unaoujua. Sikukatazi; makanisa mengi mazuri yalianza kwa watu kuondoka. Jiulize tu nani atakuuliza wewe maswali huko, ikiwa mti ni wenu, nyumba ni yenu na mlezi ni wewe. Njia nyingine ni kusema "bado": kuomba suala lipelekwe kwenye mkutano wa washirika wote, wale wapya wakiwemo, na huduma ile iulizwe kama inaweza kusaidia bila kuchukua ardhi, au kwa mkataba wa kutumia kiwanja kwa miaka fulani. Jibu lao kwa swali hilo litakufundisha mengi. Nayo ina gharama yake, kwa sababu "bado" huchosha, na wawili waliosaini wataiona kama dharau.

Sehemu moja tu sitazunguka. Wajawazito, watoto, wazee, wenye sukari, wenye presha na wanaotumia dawa za kila siku wasiingizwe katika mfungo wa bila chakula wala maji, na asiitwe mtu mvivu kwa kula. Shakahola ilifukuliwa miili zaidi ya 400, na wengi wa waliokwenda kule walikwenda kwa sababu walimpenda Mungu na kumwamini mtu. Umeniambia mwanao anakula na mkewe akiumwa humpeleka hospitali, nami nakuamini. Lakini siku utakayosikia mtu amezuiwa kula, kutibiwa au kurudi kwao, usisubiri kikao cha wazee. Nenda kwa chifu au polisi. Na yule dada aliyetoka na mtoto wake, mtembelee wiki hii. Usimwombe arudi. Kaa naye tu, umsikilize.

Nadhani kabla ya karatasi yoyote kuna mazungumzo ambayo hayajafanyika. Kwenye barua yako nimesikia alichosema mume, kaka, mama wa usiku na watu wa Nairobi. Sijasikia wewe na mwanao mkiongea wawili. Huku Pwani shangazi ana nafasi yake, anaweza kumwita kijana akaja hata kama ni mchungaji. Mpikie, mkewe naye awepo kama mnaelewana, na usianze na pesa. Muulize anaogopa nini kanisa likibaki kama lilivyo. Muulize ni nani kati ya wale wapya anamjua kwa jina na kwa nyumba. Mwambie jinsi mfungo ule ulivyosikika masikioni mwa mwanamke aliyepoteza ndugu. Daftari litakuja baadaye, siku nyingine, mkiwa na mtu wa tatu.

Ukishaongea naye niandikie tena, hata kama yaliishia vibaya. Ningependa hasa kujua alisemaje kuhusu wale vijana wa hoteli.

Mshauri wako